Mafundi, sio kila laptopu iliyogoma ni ya kupiga Windows upya

Mhariri, naomba kanafasi niongee na mafundi kompyuta wa hapa Dar, sio wote jamani, ila wapo wengi.

Laptopu yangu ya zamani ilikua na Windows na Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta) pamoja, ukiiwasha inakuuliza unataka ipi. Ubuntu niliiweka enzi nasoma, saa hizi inanilia GB 120 bure tu, nikasema niitoe. Nikaingia Windows, nikafungua Disk Management, nikafuta patisheni zake, yaani vile vipande vya diski ilivyokua inakaa, kazi imeisha. Kuizima na kuiwasha, kioo cheusi tii, maandishi meupe yanadai patisheni haipo alafu chini yake grub rescue na kakistari kanapepesa. Nikaishiwa nguvu maana humo kuna picha za msiba wa mama na mahesabu yote ya duka, na bakapu sina, hilo kosa langu nalikubali.

Mbio Kariakoo. Fundi akaangalia kioo kidogo tu akasema bro hii imekufa, tunapiga Windows upya, elfu thelathini, vitu vya ndani sahau. Hakuna njia nyingine? Hakuna. Nikabeba laptopu yangu nikarudi nayo Mbagala.

Kumbe Windows ilikua nzima kabisa! Kijana wa jirani yangu, yuko chuo, ndo akanielewesha kwamba ile GRUB inayokuuliza unataka ipi ni mali ya Ubuntu, kipande chake kimoja kinakaa mwanzo kabisa wa diski, sasa mimi nimefuta Ubuntu na kile kipande bado kinaita mafaili yake hayaitiki, ni kama umebomoa nyumba ukamsahau mlinzi getini. Akachomeka flashi yenye Windows, akaiwashia hapo, akachagua Repair sio Install (kwenye Install ndo watu wanalia), akafungua Command Prompt akaandika bootrec /fixmbr, amri ya kurudisha kipande cha Windows pale mwanzo wa diski, enta, akawasha upya. Windows hii hapa, picha zote zipo. Nilimnunulia Fanta.

Akasema hizi mashine mpya za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) ni rahisi zaidi, unaingia kwenye baiosi, yaani settingi za kuwashia mashine, unaweka Windows Boot Manager, kile kiwashio cha Windows, iwe ya kwanza, ndo unafuta patisheni za Ubuntu, na kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) uwe na zile namba zake 48 za kuifungulia mkononi kabla hujagusa kitu.

Zile GB 120 nilitaka ziungane na C ikagoma, Extend Volume imefifia haibonyezeki, eti kuna kapatisheni kengine katikati. Nikazifanya D, zinatosha.

Sasa ndugu zangu mafundi, ile Repair hamuioni? Jaribuni hapo kwanza kabla ya kufuta vitu vya mtu, alafu nitozeni hiyohiyo elfu thelathini, mbona nalipa.

Msomaji wenu, Mbagala