Mkalimani Wenu ni wa Wapi?

Simu nyingi tunazopokea haziulizi bei kwanza. Mtu anasalimia, ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Mkalimani wenu ni wa wapi?" Hajali sana mshauri amesomea chuo gani. Anataka kujua maneno yake yatapita mdomoni mwa nani. Kwenye simu huwa tunajibu haraka haraka na mtu anakata akiwa na wasiwasi uleule, ndiyo maana nimekaa leo niandike jibu lenye nafasi.

Sisi ni ofisi ndogo ya ushauri nasaha hapa Nairobi, vyumba viwili na korido. Wanaokuja wengi ni wakimbizi wanaoishi mjini: Wakongomani wa Kasarani, Kayole na Kabiria, Wasomali na Waoromo wa Eastleigh, Warundi, Wanyarwanda. Wapo pia Wakenya waliorudi kutoka kazi za ndani nchi za Ghuba, ambao nao, ukiwasikiliza, wamekimbia jambo.

Mshauri ni mimi. Nimezaliwa Tanga, na kwa muda mrefu niliamini Kiswahili changu kinanitosha popote. Mwaka wangu wa kwanza hapa alikuja kijana kutoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. (Ameniruhusu kusimulia, na nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike.) Tulikaa wawili tu. Mkalimani wa nini, nilijiambia, wakati sote tunaongea Kiswahili? Akaniambia, "Bibi yangu alikufa mu njia." Nikampa pole. Nikasema wazee safari zile huwashinda. Nikamuuliza marehemu alikuwa na umri gani. Akanitazama.

"Makumi mbili na sita."

Kwetu Tanga bibi ni mama wa mzazi wako. Kwao bibi ni mke. Konda yeyote wa matatu angemwelewa, maana hata Wakenya wengi husema hivyo. Aliyekosea alikuwa mimi niliyejiona mwenye lugha. Kijana hakukasirika. Alianza kunieleza upya, polepole, kwa maneno mepesi, kama anavyosaidiwa mgeni. Aliyekuja kubebewa mzigo akawa ananibeba mimi. Nilipofunga ofisi jioni ile nilijua nahitaji mkalimani hata kwa Kiswahili.

Ndipo akaja mama mmoja wa Bukavu ambaye sote tunamwita Yaya. Kwao ndivyo unavyomwita ndugu aliyekuzidi umri. Mwenye jengo, ambaye kwake yaya ni mlezi wa watoto, alituuliza miezi kadhaa watoto wenyewe wako wapi. Yaya anaongea Kiswahili cha Kongo, Mashi, Kifaransa na Kinyarwanda. Mteja akisema "kichwa inaniluma", yeye hakimbilii kutafsiri maumivu ya kichwa. Anauliza kinaluma saa ngapi, na kinapoluma mtu huwa anawaza nini.

Kikao chenyewe kinakaaje? Viti vitatu. Mteja na mimi tunatazamana, Yaya anakaa pembeni ya mteja, nyuma kidogo, ili mteja aongee na mimi na si na yeye. Simu zote zinabaki korido. Mteja akisema "nilimzika mwanangu shambani", Yaya hasemi "anasema alimzika mwanawe". Anasema "nilimzika mwanangu shambani". Ndivyo kazi inavyotakiwa, nafsi ya kwanza mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukiingiza "anasema, anasema" yule mtu anageuka habari ya mtu wa mbali.

Lakini fikiria kuisema sentensi hiyo kwa kinywa chako, mara tatu kwa siku, kwa watu watatu tofauti, nawe mwenyewe ulitoka huko. Kwa hiyo baada ya kila kikao kuna robo saa ambayo haiuzwi. Yaya anatoka, anakunywa chai yake ya tangawizi dirishani, haongeleshwi. Mara moja kwa mwezi yeye na mimi tunakwenda kwa mwanasaikolojia wa nje anayetusimamia, tunatua yetu. Ukiona vikao vyetu kwa siku ni vichache kuliko ulivyotarajia, sababu ni hiyo.

Kwa Kisomali tuna kijana mwenye duka la vitambaa Eastleigh anayekuja kwa miadi. Yeye ndiye aliyenifundisha uzito wa neno buufis, ambalo Wasomali wa kambi za wakimbizi za Dadaab wamelitumia kwa miaka mingi kuelezea hamu ya kupelekwa nchi ya mbali, hamu inayoweza kumla mtu hadi akili ikayumba. Kinyarwanda kina ihahamuka, neno lenye mapafu ndani yake: pumzi inakata, mtu yuko hapa lakini amerudishwa kule. Waswahili nasi tunasema fulani ana mawazo, na kila mtu anaelewa kwamba si mawazo ya kufikiri. Ukitafsiri yote matatu kuwa "msongo", umepoteza nusu ya ugonjwa kabla hujaanza.

Neno hilo la Kisomali tumelikuta sana tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Walikuja watu waliokwishapimwa afya, waliokwishauza kochi na mtungi wa gesi, wengine na tarehe ya ndege mkononi. Hakuna zoezi la kupumua linalorudisha tarehe ya ndege, na hatujifanyi lipo. Tunachofanya ni kukaa na mtu apange wiki hii: kodi, shule ya mtoto, usingizi. Tunafuata kwa sehemu kubwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5 vya dakika 90, ambao ulijaribiwa hapahapa Nairobi ukiendeshwa na wahudumu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo. Anayehitaji dawa au aliye hatarini tunamsindikiza hospitali, hatumpi karatasi tu akapotee njiani.

Sasa lile linalotuletea ugomvi. Hatuandiki barua ya "kukuza kesi", yaani ya kufanya ombi la mtu la kuhamishiwa nchi nyingine lionekane zito zaidi. Hatuna mtu ndani ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wala ndani ya idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Huduma za UNHCR ni bure, kuanzia kuandikishwa hadi kuhamishiwa nchi nyingine, na mtu akikutajia bei, iwe mtaani au mlangoni, huyo ni mwizi. Na ukienda kwa mshauri yeyote, pamoja na mimi, omba kuona leseni. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, si utovu wa adabu kuuliza.

Jambo jingine, tafadhali msije na mtoto atafsiri. Najua ndiye anayejua Kiingereza cha shule, najua ni bure. Ila kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kuhusu mama yake, sembuse kuyatamka.

Malipo ni shilingi 500 kwa kikao kwa anayeweza, na cha kwanza hatutozi. Mashirika yanayotuletea wafanyakazi wao hulipa kamili, na hao ndio wanaotubebea wengine. Gharama kubwa kwetu ni wakalimani, kodi ya ofisi inafuata kwa mbali.

Anayepokea simu ni dada aliyefanya kazi ya ndani Ghuba miaka minne, chini ya kafala, utaratibu uliomfunga kwa mwajiri wake: bila ruhusa yake hakuweza kuhama wala kuondoka. Anajua mtu anavyoongea akiogopa kusikika chumba cha pili, kwa hiyo ukinong'ona hatakuambia upaze sauti. Atakuuliza maswali mawili tu. La kwanza, unaota kwa lugha gani. La pili, kuna mkalimani wa mahali gani, wa kabila gani au wa jinsia gani ambaye hungependa akae nawe chumbani. Hutaulizwa kwa nini. Tukikosa anayekufaa kwa wiki hiyo, atakuambia hivyohivyo, na atakupigia akipatikana.