Barua ya Yeremia tunaisoma nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu Desemba, wakati ambapo nusu ya washirika wangu huwa wamepanga foleni Mwembe Tayari na mizigo yao wakingoja mabasi ya kwenda bara. Jambo lenyewe ni aya moja ya Biblia, Yeremia 29:11, na jinsi sisi Wakristo wa Mombasa tunavyoipenda bila kuisoma.

Aya hiyo nimeikuta katika kadi za harusi, katika kalenda, katika fulana za vijana waliohitimu vyuo, juu ya mlango wa kinyozi mmoja hapa Mikindani na, hivi majuzi, nyuma ya tuktuk iliyonibeba kutoka Magongo. Ilikuwa imechorwa kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheupe, namba peke yake bila maneno. Nilimwuliza dereva, kijana ninayemjua kwa sura, aya hiyo inasemaje. Akanijibu bila kusita, "Pasta, si ni kwamba Mungu ana mipango ya kunifanikisha?" Nikamwuliza kama anaijua aya ya 7 ya sura hiyo hiyo. Akacheka, akasema fundi wa rangi hutoza kwa herufi, kwa hiyo yeye alichukua ile moja iliyomtosha.

Sikuweza kumlaumu, kwa maana jibu lake alilipata kwetu. Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa injili katika uwanja mmoja wa kisiwani. Mhubiri alikuwa mgeni aliyesema Kiingereza, na kando yake alisimama mkalimani, kijana hodari, akiruka kila mwenziwe aliporuka. Mhubiri alisoma aya hiyo katika tafsiri mojawapo ya kisasa ya Kiingereza, ambayo imetumia neno la kufanikisha, na mkalimani, kwa kuwa alichoshika mkononi kilikuwa maikrofoni wala si Biblia, akatoa papo hapo: "Nina mipango ya kukufanikisha wewe!" Dakika chache baadaye namba ya kutumia "mbegu", yaani sadaka ya kutarajia baraka, ikatangazwa mara tatu. Karibu nami alisimama mzee mwenye Biblia ya Kiswahili iliyovikwa karatasi ya nailoni. Alikuwa amekwisha kuifungua penye aya yenyewe, na kidole chake kilikuwa juu ya maneno ambayo si yale aliyokuwa akiyasikia. Alitazama jukwaani, akatazama kitabu, kisha akakifunga.

Ninasikitika kwamba ni mzee yule aliyekifunga kitabu chake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na maneno yaliyo karibu zaidi na ya nabii. Katika tafsiri ya Kiswahili ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952 na ambayo bado inasomwa katika makanisa mengi ya hapa, Mungu hataji mipango wala mafanikio, bali anasema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Na amani hiyo haikuangukia hapo kwa bahati. Aya nne kabla yake, katika aya ya 7, watu hao hao wameambiwa, "Kautakieni amani mji ule", kwamba katika amani ya mji huo ndimo wao nao watakamopata amani yao. Kwa Kiebrania neno ni moja katika aya zote mbili, shalom, ambalo ni ndugu wa damu wa salamu tunazopeana kila asubuhi vibarazani, na wafasiri wetu wakaweka neno moja la Kiswahili katika aya zote mbili, hivi kwamba mwenye kusoma kwa utulivu hawezi kukosa kusikia kwamba ahadi ya aya ya 11 imefungwa pamoja na agizo la aya ya 7. Amani aliyowawazia Mungu na amani ya mji wanaokaa ni amani moja.

Tena kuna neno "ninyi". Kiingereza cha siku hizi kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu elfu, kwa hiyo ni rahisi kwa anayekisoma kujiona yeye peke yake mbele ya Mungu. Kiswahili hakimpi mtu nafasi hiyo: "ninayowawazia ninyi", "kuwapa ninyi tumaini". Kiebrania nacho kimesema wengi. Walioahidiwa ni jamii nzima ya watu, wenye kuelewana na wasioelewana, na mkalimani wetu aliigeuza jamii hiyo kuwa "wewe" kwa pumzi moja.

Sisemi haya kwa kujivunia lugha tu, ingawa mtu wa Mombasa ana haki ya kujivunia kidogo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika hapa mwaka 1844 na kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Imani, dhambi, toba, rehema, malaika: maneno haya tunayoyasema kanisani kila Jumapili hayakushuka na mmisionari, aliyakuta yakitumika. (Baadaye Kimvita, lahaja ya Mombasa, nacho kilipata Biblia yake, kisha kikapitwa, kwa kuwa kikao cha mwaka 1928, kilichofanyika hapa hapa Mombasa, kilikichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wapo wazee wa Mji wa Kale ambao hawajasamehe, lakini hilo si la barua hii.) Lugha iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu kiasi hicho haistahili kuwekwa kando ili tutafsiriwe upya jukwaani na mtu mwenye haraka.

Sasa tuiangalie sura yenyewe, kwa maana sura ya 29 ni barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme Yekonia hadi Babeli pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia, na barua yake ikapelekwa kwa mikono ya Elasa na Gemaria, waliokuwa wametumwa Babeli na mfalme Sedekia. Kilichomfanya aandike tunakisoma katika sura iliyotangulia. Nabii mmoja, Hanania, alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili mateka wote watakuwa wamerudi, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone kwa macho. Nina hakika makofi yalipigwa. Yeremia akaandika miaka 70. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka arobaini siku barua iliposomwa alielewa kwamba atazikwa Babeli. Ni kwa mtu huyo kwamba aya ya 11 iliandikwa, na kabla ya kuifikia alilazimika kwanza kusikia haya: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Aoe, aoze, azidi kuongezeka huko huko. Huwezi, kwa uaminifu, kumwambia kijana wa Magongo kwamba mwaka huu ni mwaka wake kwa kutumia barua iliyoandikwa kumkanusha yule aliyesema miaka miwili.

(Na kwa kuwa nakuandikia wewe, Mhariri, nitaje kwamba barua ile haikupokewa na wote. Mtu mmoja aitwaye Shemaya aliandika barua za malalamiko kutoka Babeli akitaka Yeremia atiwe katika mkatale. Kazi yako ni ya zamani.)

Sura hii inanihusu mimi mwenyewe. Nilishuka Mombasa kutoka Taita mwaka 1998, nikiwa karani wa ghala moja Shimanzi. Sisi Wataita tuna hali yetu: tukiwa Nairobi tunaitwa Wapwani, tukifika Mombasa tunaitwa wabara. (Mimi na maji ya chemchemi za Mzima, yaletwayo Mombasa kwa bomba, tumetoka upande mmoja, tofauti ni kwamba mimi hufika Mikindani kila siku.) Mwaka mmoja kabla ya kuja kwangu, Agosti 1997, vurugu za Likoni zilikuwa zimewatimua watu wengi wa bara, na baadhi yao walijisitiri katika uwanja wa kanisa. Chumba nilichopangishwa huko Likoni kilikuwa na kitanda cha mtu aliyeondoka usiku na hakurudi kukichukua. Nililala juu ya kitanda hicho miaka minne, na kwa miaka hiyo minne sikununua hata kiti, kwa sababu na mimi nilijihesabu kuwa mtu wa kuondoka.

Wengi katika kanisa letu bado wanaishi hivyo. Wamekaa miaka ishirini na zaidi, watoto wao wamezaliwa hapa na wanasema Kiswahili ambacho binamu zao wa kijijini hukicheka, lakini ukimwuliza mzazi atakwambia, "Huku tumekuja kutafuta tu, nyumbani ni kule." Tunajua gharama ya kusafirisha jeneza hadi Bungoma kwa kichwa, maana tumeichangia mara nyingi, lakini jina la mzee wa mtaa wachache wanalijua. Na mtu anayeuhesabu mji kuwa kituo cha basi haoni sababu ya kuugharamia, wala kuusafisha, wala kuuombea isipokuwa wakati wa uchaguzi unapokaribia na hofu inapomwingia.

Tuliisoma barua hii kwa Jumatano sita katika kipindi chetu cha kujifunza Neno, aya kwa aya, kwa Kiswahili. Baada ya ile ya pili nilimtembelea mama mmoja anayeuza mbaazi asubuhi, aliyekaa plotini hapo kwa miaka 23. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kufulia yanapomwagika, pana udongo mweusi wenye unyevu mwaka mzima. Nikamwuliza kwa nini hajapanda hata mpapai, mti ambao huzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Akasema, "Pasta, nimpandie nani? Hapa si kwetu." Tukapiga hesabu pamoja ya mapapai ambayo angekuwa amekwisha kuyala, tukacheka wote wawili. Hajaupanda hadi leo. Lakini Jumatano iliyofuata aliinua mkono akauliza kama kuuombea mji amani ni pamoja na kumwombea mwenye nyumba. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema bora mpapai.

Kuna wawili walionipinga, na wote walikuwa na hoja. Wa kwanza alisema kuufananisha Mombasa na Babeli ni kuwatukana wenyeji waliotupokea. Namkubalia kabisa. Sisi hatukuletwa na Nebukadreza, tulilipa nauli wenyewe, na Waswahili na Wamijikenda si Wakaldayo wa Babeli. Ninalosema ni dogo zaidi, kwamba ikiwa mateka waliamriwa kuutakia amani mji wa mtu aliyeubomoa mji wao, sisi tuliokaribishwa hatuna udhuru. Wa pili, kijana wa Kirabai, alinikumbusha kwamba "jengeni nyumba" ni agizo gumu katika mji ambamo familia nyingi, za wenyeji hasa, zimejenga nyumba bila ardhi, kuta ni zao lakini chini ni pa mtu mwingine wasiyemwona. Hapo sikuwa na jibu, na sitajifanya kuwa nalo sasa. Yeremia hakuwaambia mateka ni nani angewapa hatimiliki.

Kutaka amani ya mji huanza na mambo ambayo mtu huona haya kuyaandika gazetini. Letu lilikuwa spika. Kwa miaka mitatu spika yetu kubwa ilielekea dirisha la madrasa iliyo ng'ambo ya uchochoro, na katika mikesha tuliifungua mpaka mwisho, tukiimba kuhusu amani. Jumatano ya nne mshirika mmoja alisimama akasema aya ya 7 haiwezi kusomwa ndani ya jengo lile spika ikiwa imekaa vile. Tukaigeuza, tukapunguza sauti. Mwalimu wa madrasa, mtu mpole ambaye hakuwahi kutulalamikia hata siku moja, alikutana nami dukani baada ya wiki mbili akanipa pole, akidhani mtambo wetu umeharibika.

Ombi langu kwa wahubiri wenzangu ni kwamba, kabla hatujaitaja tena aya ya 11, tuwasomee watu sura nzima, haichukui dakika kumi, na kwamba mkalimani apandaye jukwaani apande na Biblia ya Kiswahili, asome kilichoandikwa. Kuhusu dereva wangu, nilikutana naye tena juma lililopita kwenye stendi ya Magongo, nikamweleza habari ya aya ya 7. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama tuktuk yake, kisha akaniambia kwamba 29:7 ina tarakimu moja pungufu, kwa hiyo atamwuliza fundi kama bei itashuka.

Wako katika huduma,

Mchungaji, Mikindani, Mombasa