Barua kwa wajina, kuhusu nidhamu chuoni

Wajina mpendwa,

Hujambo? Watoto je? Sisi huku wazima, ila vikao vinatumaliza.

Juzi nilikaa kwenye kamati ya nidhamu. Aliletwa kijana wa mwaka wa pili kwa kosa la kubebana: mwenzake alikosa chumba, bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, likachelewa, wakawa wanalala wawili kitanda kimoja bwenini. Akakiri bila kuzungusha. Kisha akaomba kuuliza jambo: "Mwalimu asipotokea darasani wiki nzima bila taarifa, yeye anaitwa kamati gani?" Mzee mmoja akakasirika, akataka swali lile liandikwe kuwa kosa la pili. Nikapinga. Kijana aliuliza kwa adabu, mikono nyuma, na hakuna aliyemjibu.

Wajina, sisi wahadhiri tukitaja nidhamu tunafikiria mavazi, kuwahi kipindi na kuibia mtihani. Sidharau hayo, anayeingia na karatasi kwenye chumba cha mtihani simtetei hata kidogo. Lakini wanafunzi nao wanataka alama za kozi weki, yaani za kazi na majaribio ya muhula, zibandikwe kabla ya mtihani, na barua zao za malalamiko zijibiwe. Kwao hiyo nayo ni nidhamu, tena ya kwetu.

Unakumbuka habari ya Oktoba 1966? Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakanung'unikia pia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Adhabu ile naiona kali mno mpaka leo. Ila hoja ya mishahara hakuiita utovu wa adabu: alikubali kwamba ni mikubwa, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Hapo ndipo ninapomheshimu. Sisi kwenye kamati tulishindwa hata kukubali kwamba swali lilikuwa la haki.

Kijana amepewa onyo la maandishi. Nimependekeza mwakilishi wa wanafunzi akae kwenye kamati akiwa na kura, na mahudhurio ya wahadhiri yasainiwe na kiongozi wa darasa. Wamesema italetwa kikao kijacho, mwisho wa mwezi. Huko kwenu wanafunzi wanapiga kura kwenye kamati, sivyo? Tafadhali nitumie nakala ya kanuni zenu mapema, nataka niingie nayo mkononi.

Nisalimie shemeji.

Wajina wako