Salim, nitafutie krenki ya L18

Asalaam aleikum ndugu yangu,

Vipi hali, vipi watoto, baridi ya huko imewaacha? Sisi huku twashukuru, bi mkubwa amepata nafuu alhamdulillahi, anakusalimu sana na anauliza mbona ukimpigia huwa una haraka. Najua tumenyamaziana kitambo, kazi zimebana kila upande, lakini leo nina shida na wewe na haiwezi kungoja, kwa hivyo hayo mengine tutayamaliza kwa simu.

Ile Datsun 160J nimeishusha injini yake, ile L16. Ndio, ile SSS ya mjomba. Moshi wa bluu ulikuwa umezidi, oili naongeza kila nikitia petroli, na foleni ya daraja la Nyali ikishika tu mshale wa joto unapanda mpaka nazima nasubiri. Nikasema basi, bora niifungue nijue moja.

Tukafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mimi na Omari pale nyuma ya nyumba. Salim, wallahi nilisikitika. Zile njia za maji kwenye bloku zimejaa tope jekundu la kutu, ukichokonoa na bisbisi linatoka mabonge, na hedi yenyewe, kwa vile ni alumini, imelika pale kwenye matundu ya maji mpaka pembeni imefanya unga mweupe. Ni maji ya kisima hayo. Hapa kisiwani maji ya visima vingi yana chumvi, na mtu anajaza rejeta miaka nenda miaka rudi akidhani maji ni maji tu. Hedi itajazwa kwa kuchomelewa alumini kisha isawazishwe, fundi ameiangalia anasema inaokoka. Hiyo sina wasiwasi nayo sana.

Wasiwasi wangu ni silinda. Kiwandani zilitoka na upana wa milimita 83.00. Tukapima na geji, namba 3 ndiyo mbaya zaidi, juu pale ringi ya kwanza inapogeukia ni 83.21, chini ni 83.04, yaani imekuwa pana juu nyembamba chini, ndio maana ringi hazishiki. Nikaipeleka bloku kwenye warsha moja Shimanzi, jamaa hata hakupima, aliinama akachungulia akasema "hii tunachonga moja nzima". Nikairudisha bloku kwenye pikapu nikaondoka. Kwa nini uipanue milimita 1.00 wakati 0.50 inasafisha kila alama? Chuma ukishakitoa hakirudi, na bloku hizi hazipatikani tena. Na hesabu nimeifanya, 0.50 inakupa 1614 cc, 1.00 inakupa 1634. Cc 20 ndio nimalizie maisha ya bloku? Hapana.

Sasa wewe kwenye ile voisi yako ulisema nitie injini ya Subaru ya eksi-Japani yenye tabo niachane na kero. Nimekusikia na nimeifikiria kwa heshima zote, lakini sitaki. Namba ya injini iko kwenye logibuku, ukibadilisha ni inspeksheni na karatasi za NTSA, wale wa usafiri, lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba gari hii naipendea injini yake, ile sauti ya kabureta mbili zikivuta hewa ukipita elfu nne. Shekhar Mehta alishinda mbio za magari za Safari kuanzia 1979 mpaka 1982 mfululizo na Datsun, na mjomba alikuwa anasimama barabarani na sisi mabegani kuziona zikipita. Nikiweka injini ya Subaru humo ndani nitakuwa nimebaki na bodi tu. Na L20B, ile injini kubwa ya Datsun, pia ulinitajia, naijua ni tamu, 1952 cc si mchezo, lakini bloku yake ni ndefu kwenda juu na tena ni bloku nyingine, tumerudi pale pale.

Kwa hivyo plani yangu ni hii, na hapa ndipo unapoingia wewe. Krenki ya L18, ule mhimili unaozungushwa na pistoni kwenye injini ndugu ya hii yangu, inakaa kwenye bloku ya L16. Stroki, yaani mwendo wa pistoni toka chini hadi juu, ya L16 ni milimita 73.7, ya L18 ni 78. Ukichonga silinda 0.50 tu halafu uweke krenki ya L18 unapata 1708 cc, bloku ile ile, namba ile ile, na chuma kimebaki cha kuchonga tena siku za mbele. Umeona tofauti? Kuchonga moja nzima kungenipa cc 20 zaidi, krenki inanipa zaidi ya 90. Lakini lazima ije na konrodi zake, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, za L18 ni fupi kidogo, ukiacha za L16 pistoni itatokeza juu ya bloku.

Kitu kingine, usiniambie habari ya kompresheni ya 10.5, hewa kubanwa mara 10.5, kama uliyoweka yako. Wewe huko Nairobi uko karibu mita 1,800 juu, hewa yenu ni pungufu kwa karibu asilimia 20, injini inajaza kidogo kwa hivyo haigongi, petroli hailipuki ovyo ndani. Hapa baharini silinda inashiba hewa, na joto la Mombasa unalijua mwenyewe, hiyo 10.5 itanitoboa pistoni na petroli hii ya pampu. Nataka 9.5. Silinda moja itakuwa 427 cc, kwa hivyo nafasi yote inayobaki juu pistoni ikifika kileleni iwe kama 50 cc, gaskiti ndani. Nimeshanunua sindano kubwa ya duka la dawa na kipande cha pleksi, nakipaka grisi nakifunika kwenye chemba ya hedi, natia mafuta ya taa cc kwa cc mpaka ijae. Omari anasema nimeingia wazimu, lakini sitaki kukisia, kila chemba nitaipima mpaka zilingane.

Sasa Salim, yule mzee wa Kirinyaga Road bado yupo? Ana krenki ya L18 kweli au ni maneno? Imeshachongwa au bado iko standadi, na ukipitisha ukucha pale beringi zinapokaa unahisi mikwaruzo? Konrodi ziko zote nne? Na pistoni za L16 za 0.50 na ringi zake, seti kamili, anazo? Anataka ngapi ukimbembeleza? Ukipata nitakutumia pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, ziweke kwenye basi la usiku mimi nitazipokea Mwembe Tayari. Ile sindano ya kabureta ya SU, inayopima petroli, uliyobadilisha ilikuwa namba gani, maana zangu ziliwekwa huko juu na hapa najua zitabana petroli? Na wewe mwenyewe unashuka lini, Idi uko huku au ndio tena kazi?

Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, nimepata mchongaji mwingine Changamwe anayepima kabla hajashika mashini na sitaki nafasi yangu apewe mtu.

Wako,
Swaleh