Mwalimu mpya, usimpite Ona Judge

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na hongera kwa kupangiwa shule. Umeniambia kwamba ukifika kwenye uhuru wa Marekani, utawaeleza wanafunzi wa kidato cha tano kuwa marais wa mwanzo wa nchi hiyo, Washington na Jefferson, walimiliki watumwa kwa sababu walikuwa watu wa zama zao, kisha utaendelea na somo. Naomba usipite haraka hapo bila kumtaja Ona Judge, mtumwa aliyemtoroka Washington. Nakujibu hadharani kwa kuwa walimu wengi tumefundishwa hivyo hivyo, nasi tukafundisha hivyo hivyo.

George Washington alipokuwa rais, makao ya serikali yalikuwa Philadelphia. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua. Mtumwa aliyeletwa kutoka jimbo jingine akakaa humo miezi sita aliweza kudai uhuru wake. Watumwa wa mwanasheria mkuu wa serikali, Edmund Randolph, waliudai, naye akaitahadharisha nyumba ya rais.

Aprili 1791 Washington alimwandikia katibu wake, Tobias Lear, kwamba watumwa warudishwe Virginia kabla muda haujatimia, na kitafutwe kisingizio cha kuwadanganya wao na umma pia. Anayeamini jambo lake ni halali halifichi namna hiyo! Wakawa wanatolewa nje ya jimbo na kurudishwa, ili hesabu ya miezi ianze upya. Mwaka 1793 akatia saini sheria ya kuwakamata watoro na kuwarejesha kwa mabwana zao.

Katika nyumba hiyo alikuwamo Ona Judge, msichana wa miaka ishirini na ushei, mtumishi wa Martha, mke wa rais. Alipojua kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha, alifungasha vitu vyake. Mei 1796, Washington na mkewe wakiwa mezani wanakula, alitoka, akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Tangazo la kumsaka liliahidi dola 10 na kudai kuwa hakuchokozwa na mtu yeyote hata aondoke. Dai hilo hunichoma kila nikilisoma.

Rais alimtumia ofisa wa forodha wa Portsmouth kumshawishi. Ona akakubali kurudi iwapo ataahidiwa uhuru baada ya Washington na Martha kufa. Washington alikataa, aliona ni kumtuza mtoro mbele ya wenzake waliobaki. Mwaka 1799, Ona akiwa ameshaolewa na ana mtoto, alitumwa Burwell Bassett, mpwa wa Martha, akamchukue. Ona alidokezwa mapema, akajificha.

Sasa nijibu: Ona hakuwa mtu wa zama zile? Na Hercules, mpishi wa rais, aliyetoroka Mount Vernon, shamba la Washington huko Virginia, Februari 1797, siku bwana wake alipotimiza miaka 65? Na Robert Carter, tajiri wa Virginia hiyo hiyo, ambaye kuanzia 1791 aliwaandikia uhuru mamia ya watumwa wake?

Utaniambia Washington aliwaacha huru kwa wasia. Ni kweli, watu 123, na wenzake wengi hawakufikia hata hapo. Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600 maishani mwake, na Januari 1827, baada ya kifo chake, wapatao 130 walipigwa mnada Monticello, shambani kwake, kulipia madeni yake. Lakini wasia wa Washington haukumgusa Ona. Yeye alihesabiwa katika urithi wa mume wa kwanza wa Martha, ambao Washington hakuwa na haki ya kuwaacha huru watumwa wake. Kwa hiyo hadi alipofariki mwaka 1848 alikuwa bado mali ya watu kisheria, na watoto wake vilevile. Uzeeni aliulizwa kama anajuta, maana huko alikofikia aliishi kwa kazi ngumu na umaskini. Alijibu hapana, yuko huru.

Ukianza kipindi, wape wanafunzi ile barua ya 1791 na lile tangazo la 1796. Waache wasome wenyewe, wabishane, kabla hujawaambia lolote kuhusu zama. Kisha uniandikie walisema nini.

Mjomba wako