Herufi kwenye sarafu za Bizanti ni hesabu

Mhariri,

Wanaouza au kununua sarafu kuukuu hukosea kusoma herufi kubwa zilizo nyuma ya sarafu za shaba za Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki. Tangu mageuzi ya Kaisari Anastasius, mwaka 498, herufi hizo ni tarakimu za Kigiriki: M ni numi 40 (numi ni kipimo kidogo kabisa cha fedha za wakati huo), K ni 20, I ni 10, E ni 5. Mpaka hapo ni rahisi.

Tabu huanzia Misri. Aleksandria ilishika hesabu yake: I na B, yaani 10 na 2, numi 12. Mara nyingi katikati huwa na msalaba, na chini ΑΛΕΞ, jina la mji. Ilitoa pia za 6 na za 3, na chini ya Justinian hata za 33 (ΛΓ), adimu mno. Thesalonike, mji wa Ugiriki, nayo, enzi hizohizo, ilikuwa na numi 16.

Sarafu ya IB ni nene na ndogo, kama kipande kilichokatwa kwenye fimbo. Unene huo si dalili ya ughushi, kwani vibonge vyake vilimiminwa kwanza, ndipo vikagongwa chapa. Matumbo ya B yakilika hubaki kama I mbili, kwa hiyo iinamishe kwenye mwanga wa pembeni kabla ya kuipa jina.

Na tafadhali, msiisugue kwa limau. Asidi hula gamba la kijani pamoja na herufi zenyewe. Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha ondoa udongo kwa kijiti cha meno, polepole.

Msomaji wenu