Mwanangu, vitabu ulivyoniomba ndo hivi

Mwanangu kipenzi,

Vipi mama, hujambo? Mimi mzima, ni kazi tu. Meseji yako niliipata, ile uliyosema mwalimu kawaambia msome na vitabu vya maarifa sio hadithi peke yake, na wewe unaona vinaboa, ukaniambia baba nichagulie basi lakini visiwe vya kusinzia. Nilitaka nikujibu pale pale kwenye simu nikaona hapana, hili jambo nalipenda mno kulijibu kwa haraka, ndo maana nimekaa nikakuandikia na boksi linakuja pamoja na barua hii.

Kwanza nilipe deni. Unakumbuka ule usiku tulibishana sayari ni ngapi? Wewe ukasema 8 mimi nikasema 9, na nikakaza kweli kweli, nikakwambia mimi nimesoma zamani hivi vitu, ukanyamaza. Mama, wewe ndo ulikuwa sahihi. Kitabu nilichosomea mimi kilikuwa na 9 kwa sababu Pluto iligunduliwa 1930 ikahesabiwa sayari miaka yote hiyo, halafu wataalamu wa anga wakaanza kuona huko huko mbali kuna vitu vingine vinavyofanana nayo, mwaka 2005 wakatangaza kimoja wakakiita Eris na ukubwa wake unakaribiana kabisa na wa Pluto, sasa ikabidi waulizane, kama Pluto ni sayari na hiki je? Na vingine vitakavyoonekana kesho je? Agosti 2006 wakakutana Prague wakapiga kura, Pluto ikahamishiwa kundi la sayari kibete. Kwa hiyo kitabu changu hakikuwa kinadanganya, kilikuwa cha zamani tu na mimi sikurudi kuangalia tena. Nisamehe kwa kukunyamazisha.

Lakini kuna kitu kilinikaa kichwani tangu siku ile. Nilikuuliza umejuaje ni 8 ukasema ndo tulivyoandikishwa. Na mimi 9 yangu ndo nilivyoandikishwa. Yani tulibishana nusu saa nzima na hakuna aliyejua kwa nini! Basi vitabu vyote vilivyomo humu nimevipima kwa swali hilo hilo, je kinasema tumejuaje? Kitabu kikikwambia jua liko umbali wa kilomita milioni 150 kikaishia hapo kimekupa namba ya kukariri, utaisahau wiki ijayo. Kikikwambia kwamba mwaka 1761 na tena 1769 watu walisafiri hadi pembe za mbali za dunia kwenda kuivizia sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, kila mmoja akiwa na saa yake anaandika imeingia saa ngapi imetoka saa ngapi, na kwa kulinganisha hizo saa ndo wakapiga hesabu ya umbali, hapo hata namba ukiisahau kuna kitu umebaki nacho.

Cha kwanza kukifungua kiwe kile chembamba, The Chemical History of a Candle cha Michael Faraday. Ni cha zamani sana, kilitoka 1861, usitishike na jina. Ni mihadhara aliyowapa vijana pale London kipindi cha Krismasi, mihadhara sita, na yote inazungukia mshumaa mmoja tu. Kiingereza chake kitakusumbua kidogo kwa hiyo soma kurasa mbili mbili usikimbie. Mimi nilipofika pale anapoongelea moshi nikashindwa kuendelea bila kujaribu. Nikawasha mshumaa, nikauacha uwake vizuri, nikauzima taratibu, ukatoka ule moshi mweupe unaopanda kama uzi. Nikasogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye huo uzi, juu ya utambi kama vidole viwili hivi, siugusi kabisa. Mama, moto uliruka! Ulishuka wenyewe kupitia ule moshi ukadaka utambi, mshumaa ukawaka tena. Nikarudia mara nne. Kumbe ule mweupe ni nta iliyogeuka mvuke, na kinachowaka siku zote kwenye mshumaa ni huo mvuke, utambi kazi yake ni kuipandisha nta iliyoyeyuka mpaka kwenye joto. Umri wote huu nawasha mishumaa sikuwahi kulijua hilo.

Na huyo Faraday mwenyewe nataka umjue. Baba yake alikuwa mhunzi, shule alisoma kidogo tu, akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Wenzake walikuwa wanashona kurasa na kupiga majalada, yeye alikuwa anasoma alichokuwa anakishona. Kimoja kati ya vilivyopita mikononi mwake ni cha Jane Marcet kuhusu kemia, kilichotoka 1806, na kwanza kilitoka hata jina la mwandishi hakina. Kimeandikwa kama maongezi, mwalimu wa kike anaongea na mabinti wawili, wanauliza wanabishana wanafanya majaribio. Sikiliza sasa. Yule kijana wa kujalidi baadae, mwaka 1831, ndo akaja kuonyesha kwamba ukiisogeza sumaku ndani ya waya uliozungushwa umeme unapita. Dainamo zote zinafanya kazi kwa njia hiyo, hata ile ndogo ya baiskeli inayowasha taa ukikanyaga.

Shika hiyo dainamo usiiachie, twende Malawi. Kuna kijana anaitwa William Kamkwamba, kazaliwa 1987. Kipindi cha ile njaa ya 2001 kuingia 2002 aliacha sekondari kwa kukosa ada, akawa anaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi asome asiachwe nyuma na wenzake. Akakuta kitabu cha nishati, jalada lina picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake hakikuwa kizuri mama, alikuwa anaangalia mchoro kwanza halafu anatafuta maneno yaliyouzunguka aone yanamaanisha nini. Akaenda kuokota vyuma chakavu, akapata feni ya trekta, baiskeli mbovu na dainamo ya baiskeli, akajenga kinu cha upepo cha kufua umeme nyumbani kwao, taa ikawaka. Alikuwa na miaka 14! Kaandika habari yake mwenyewe, The Boy Who Harnessed the Wind, kilitoka 2009, mimi nimekuwekea lile toleo la vijana. Naomba usiisome kama hadithi ya kutia moyo tu, soma pole pole pale anapohangaika na vifaa, anajaribu kinagoma anabadilisha. Ukimaliza rudi kwa Faraday uone wale wawili wanavyoshikana mikono, kitabu cha Marcet kwa kijana mmoja na kitabu cha nishati kwa mwingine, katikati karibu miaka 200.

Ndo maana pia nikwambie usidharau michoro. Najua mna ile tabia ya kusema vitabu vya picha ni vya watoto wadogo. Mwaka 1658 mwalimu mmoja anaitwa Comenius alitoa kitabu cha kufundishia watoto, kila ukurasa una picha na kila kitu kwenye picha kina namba yake, unaifuata namba unakuta neno chini. Leo ni kawaida lakini mtu alikaa akaiwaza. Humu kuna kitabu kinene cha David Macaulay, The Way Things Work, ni michoro mitupu ya mashine, kilitoka mara ya kwanza 1988 na nimekutafutia toleo jipya kwa sababu mambo ya kompyuta kwenye lile la kwanza yamepitwa. Nenda pale penye zipu. Utaona kile kichwa unachovuta ndani yake mna kabari, kama ile ya kupasulia magogo, ukishusha inatenganisha meno, ukipandisha kuta za pembeni zinayabana yaingiane. Fungua begi lako uangalie huku unasoma.

Na vitabu hivi sio lazima uanze ukurasa wa kwanza. Hadithi ndo inataka hivyo. Hapa unaruhusiwa kuingilia nyuma, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno ya mwisho, unatafuta neno lako unaenda moja kwa moja. Kitabu cha maarifa kisicho na faharasa mimi huwa nakiwekea shaka. Kingine, fungua ukurasa wa mwanzo uangalie kimechapwa mwaka gani, sayari zetu zile ndo mfano wenyewe, na hata dinosauri, wale wa kwenye vitabu vya zamani wanaburuta mikia na ngozi tupu, tangu 1996 China wamekuwa wakichimbua wengine wana alama za manyoya. Na ukiwa maktaba huna uhakika na kitabu, tafuta humo kitu ambacho wewe tayari unakijua vizuri, wewe paka unawajua, soma walichoandika kuhusu paka. Wakikosea hapo kirudishe kwenye shelfu.

Utaniambia baba si kuna gugo. Lipo na mimi natumia kila siku, ukishakuwa na swali ni rahisi. Shida ni kwamba mimi nisingeuliza kamwe kwa nini moshi wa mshumaa unashika moto, ingekuwaje niulize kitu nisichojua kama kipo?

Kuna kimoja kinahusu mwili wa msichana anavyokua. Hicho kachagua mama yako, usikifiche chini ya godoro, sio kitu cha aibu, na maswali yake muulize yeye au mimi, vyovyote utakavyoona.

Chini kabisa nimekifunga kwenye karatasi. Ni shajara ya Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyekuwa amejificha na familia yake Amsterdam wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi wasiwakamate. Alipewa daftari siku anatimiza miaka 13, Juni 1942, wiki chache baadae wakaingia mafichoni, wakakamatwa Agosti 1944, akafia kambini 1945. Katika wote wanane waliokuwa wamejificha pale alirudi baba yake peke yake, na yeye ndo akayatoa yale maandishi kitabu, 1947. Mimi kama baba kile kitabu kinanishinda nguvu, nimekisoma mara mbili na mara zote nililazimika kukiweka chini nikatoka nje. Usikifungue bado mama. Ukifika 13 tutakisoma wote, zamu kwa zamu, nataka niwepo.

Kwenye vingine vyote chora, weka alama, andika pembeni kwa penseli "sijaelewa" au "wamejuaje?", ni vyako. Kikikuchosha kiache ushike kingine sitakuuliza. Ila kila Jumapili nikipiga nataka swali moja ambalo hukuwa nalo wiki iliyopita.

Mshumaa nimeuweka kwenye kona ya boksi pamoja na kiberiti, nimevizungushia gazeti. Mpe mama yako avitunze, usiwashe. Nikirudi tunazima taa ya sebuleni, wewe ndo utashika njiti.

Baba yako